Nilikuwa nawatafsiria wanangu filamu, hakimu akaanza kusema, nikanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 7. Ni fundi wa mafriji na viyoyozi hapa Dar es Salaam. Mimi na mama yao tulipewa talaka mahakamani miaka miwili iliyopita. Sitakuchosha na yaliyotuachanisha. Hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyefumaniwa. Mwenzangu aliwaambia wazee kwenye baraza la usuluhishi kwamba amechoka kuwa mtu mzima peke yake ndani ya nyumba. Mimi nikasema ananionea. Watoto wakabaki kwake, mimi nikapewa Jumamosi, asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi zangu ziko hivi: nawafuata Kimara, tunapanda mwendokasi mpaka Magomeni Mapipa, tunanunua chipsi mayai, tunaingia kwangu, chumba na sebule. Kisha ni kucheka tu. Mimi tangu utoto ni mtu wa kuiga sauti. Naweza kuwa kondakta wa daladala, mtangazaji wa mpira, au bibi yao wa Tanga akimfukuza paka jikoni. Mdogo hucheka mpaka anashika tumbo.

Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nikapita kwa kijana anayeuza muvi, nikamwambia aniwekee kwenye flashi kitu cha kuchekesha cha kutazama na watoto. Akaniwekea Mrs. Doubtfire. Akasema ni ya zamani, ya 1993, lakini haichuji. Haikuwa ya kutafsiriwa, ni Kiingereza kitupu, na mdogo bado hakielewi. Kwa hiyo nikawa DJ wao. Kila mtu kwenye filamu nikampa sauti yake.

Kwa ambaye hajaiona: kuna baba mmoja huko San Francisco, Daniel, kazi yake ni kuingiza sauti kwenye katuni. Anawapenda wanawe watatu kupita kiasi ila nyumba haimkai mkononi. Siku ya kuzaliwa kwa mwanawe anajaza wanyama nyumbani, mpaka polisi wanakuja. Mkewe, Miranda, anasema basi, imetosha. Wanaachana. Baba anawakosa watoto, na mama anapotafuta mfanyakazi wa kuwaangalia, yeye anajivika uso wa bandia, wigi na gauni, anaajiriwa kama bibi wa Kiingereza, anarudi kwenye nyumba yake mwenyewe kwa mlango wa mbele.

Tulicheka sana, Shangazi. Ila ilipofika mahakamani, mambo yalibadilika. Nilikuwa natafsiri vizuri, sauti ya hakimu nimeifanya nzito, halafu nikasikia anachosema. Nikanyamaza. Mdogo akanivuta shati: "Baba, anasemaje?" Sikuweza. Binti yangu akajibu bila kugeuka, macho kwenye kompyuta: "Anasema watakaa na mama yao. Baba atawaona Jumamosi."

Nikajikaza, nikaendelea. Yule bibi alipoingia nyumbani kicheko kikarudi. Na hapo ndipo mdogo aliposema neno lililonichoma: "Baba, yeye anahangaika kujipaka. Wewe dada anakufungulia tu mlango."

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Siku za Jumatano mama yao hurudi usiku. Miezi miwili iliyopita mdogo alinipigia kwa simu ya dada wa kazi akilia, hesabu za kutoa zimemshinda. Nilikuwa na kazi Ubungo, nikasema nipite. Dada akanifungulia. Nikakaa naye kwenye mkeka, 42 kutoa 17, nikamfundisha kuazima kumi kutoka kwenye nne. Alikuwa amefuta mpaka daftari limetoboka. Alipopata jibu alinitazama, Shangazi, hajawahi kunitazama vile Jumamosi yoyote. Nikaondoka kabla mama yake hajarudi. Baada ya hapo nimekwenda Jumatano nyingine nne. Dada nampa elfu tano ya vocha. Watoto nimewaambia hii ni siri yetu watatu.

Filamu ilipofika pale hotelini, uso wa bandia unapovuka mbele ya mama na watoto, binti yangu aliinuka akatoka nje, akasimama kibarazani. Nilizima. Hatukumaliza. Njia nzima kurudi hakusema kitu. Tulipofika getini kwao akaniambia taratibu, mdogo wake asisikie: "Baba, mimi sijui kudanganya vizuri kama wale watoto."

Jumapili mama yao akanipigia. Mdogo alikuwa amemsimulia habari za mama aliyemfukuza baba. Akasema natumia filamu kuwapandikiza watoto chuki. Nami nikapandisha, nikamwambia Jumamosi ni yangu kwa amri ya mahakama na nitaonyesha ninachotaka. Tangu siku hiyo binti haji. Wiki ya kwanza kichwa kinauma, ya pili ana mtihani. Anakuja mdogo peke yake.

Nilikosea kuwaonyesha ile filamu? Nifanyeje binti yangu arudi? Na la mwisho: wenzangu kazini wananiambia mvulana ameshatimiza miaka saba, kwa sheria sasa ni wangu, niende nikamchukue. Ni kweli?

Baba wa Jumamosi, Magomeni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, na mara ya pili nilikuwa namtafuta binti yako tu. Naanza naye, kwa sababu wewe umeniuliza habari za filamu na yeye ameshakujibu getini.

Ile filamu naijua vizuri. Niliiona kwa mara ya kwanza kwenye mkanda wa video, sebuleni kwa jirani, tumejazana mpaka wengine wamekaa mlangoni. Tangu hapo nimeitazama sijui mara ngapi. Watu humkumbuka Robin Williams, aliyeigiza Daniel, na lile gauni. Mimi humkumbuka zaidi Chris, yule mvulana anayemfumania "bibi" chooni amesimama wima anakojoa. Anatimua mbio kumwita dada yake Lydia, wanataka kupiga simu polisi, kisha baba anavua sauti ya bibi na kusema kwa sauti yake mwenyewe. Ni baba! Furaha inawajaa. Lakini kuanzia dakika ile watoto wawili wana kazi mpya. Mdogo wao Natalie asijue, na mama yao asijue. Kila jioni mama akirudi, wanakula naye meza moja wakiwa wamebana midomo. Filamu haikai hapo muda mrefu, ni ya kuchekesha, inawahi kwenye kichekesho kinachofuata.

Binti yako ndiye aliyekaa hapo. Wewe na mdogo mlimwona bibi wa kuchekesha, yeye alijiona yeye. Jumatano tano ameketi na mama yake usiku, akaulizwa "Leo mmeshindaje?", akajibu "Vizuri." Mtoto wa miaka 13 amejifunza kupima kila neno kabla halijatoka, asije akataja mkeka, asije akasema nani alimsaidia mdogo wake hesabu. Halafu asubuhi yake anasikia mdogo anaongea ongea, roho inamruka.

Nakwambia haya kwa kuwa nayajua. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la tatu. Baba yangu alikuwa akinisubiri njia ya shule, chini ya mwembe, ananipa sarafu na kuniambia, "Usimwambie mama yako." Alikuwa ananipenda, mpaka leo sina shaka. Lakini zile sarafu sikuweza kuzitumia, maana ningenunua kashata mama angeuliza hela imetoka wapi. Nilizificha kwenye tundu la godoro. Zilipokuwa nyingi, kila nikigeuka usiku zinalia, na mama amelala kitanda kilekile. Siku moja nilizipeleka choo cha shimo, nikazitupa moja moja. Baada ya hapo nikawa napita njia nyingine kwenda shule, ndefu zaidi, nisimkute baba. Yeye alidhani mama amenilisha maneno. Alikufa akidhani hivyo.

Kwa hiyo ukisikia kichwa kinauma, ukisikia mtihani, usije ukafikiri binti amekuchukia au amechukuliwa. Anapita njia ndefu. Kila akija kwako anaongezewa mzigo wa kubeba, na ameshakwambia kwa heshima zote kwamba hajui kuubeba.

Filamu hukukosea kuwaonyesha. Ilikuwa chaguo zuri kwa siku ya mvua, ingawa yule kijana wa muvi angekudokeza ina talaka ndani ungejipanga. Wala usione haya kwamba ulinyamaza pale mahakamani. Mtoto akimwona baba yake ameshindwa kusema, akajua kwamba na yeye iliuma, hilo halimdhuru. Kama binti angeniuliza mimi, ningemwambia baba yake alitafsiri pale kuliko mahali pengine popote.

Sasa njoo kwenye hesabu ya 42 kutoa 17, maana ndiyo sehemu ya barua yako niliyoipenda kuliko zote, na naona wewe mwenyewe umeipita haraka.

Daniel akiwa baba anafanya nini? Anafanya sherehe. Wanyama ndani ya nyumba, muziki, watoto juu ya meza. Miranda anarudi kutoka kazini, anakuta uchafu na polisi, na yeye ndiye anayelazimika kuzima muziki. Malalamiko yake ni hayo hayo: raha zote ni za baba, na mama anabakiwa na kugombeza. Sasa mtazame mtu huyohuyo akiwa amevaa gauni. Siku za kwanza anapika anajiunguza, kifua cha bandia kinashika moto jikoni, anazima kwa mifuniko ya sufuria, chakula cha jioni kinaagizwa hotelini. Lakini haachi. Anakaa mbele ya televisheni anajifunza kupika kwa Julia Child, mpishi wa televisheni wa Marekani. Anazima televisheni ya watoto, anasema kazi za shule kwanza. Wanakasirika naye, naye anakubali kukasirikiwa. Ni mtu yuleyule, watoto walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa anafanya kazi ya siku ya kawaida.

Na kuna pale anapokaa na Miranda wanaongea. Mama anamweleza "bibi" jinsi ndoa ilivyokuwa, kwamba hakujipenda jinsi alivyokuwa anageuka akiwa na mumewe, kwamba alikuwa akilia usiku. Daniel amekaa kimya. Hana sauti ya kuigiza, hana kichekesho cha kujikinga. Miaka 14 ya ndoa, ndipo anasikia. Huwa naitazama sehemu ile na kuwaza ni wanaume wangapi wangesikia mambo mengi kama wangekaa kimya bila kulazimika kuvaa gauni kwanza.

Mtalaka wako alisema amechoka kuwa mtu mzima peke yake. Wewe ukasema anakuonea. Mwanangu, soma tena Jumamosi zako ulivyoziandika: chipsi, sauti za kuiga, kicheko. Sizidharau, watoto wanahitaji kucheka na wako wamebahatika kuwa na baba anayejua. Lakini mwanao hakukutazama vile ukiwa kondakta. Alikutazama vile ulipokaa naye juu ya daftari lililotoboka mpaka kumi ikaazimika. Unachokikosa ni Jumatano, siku isiyo na sherehe, na ni haki kabisa kuitamani. Umeitafuta kwa mlango wa siri, basi, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Tazama mlango huo ulimfikisha wapi Daniel. Uso ule wa bandia, wanasema ulimchukua Robin Williams kama saa nne kuuvaa kila siku ya kupiga picha, na walioutengeneza walipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Usanii mkubwa namna ile, na bado ulivuka mezani mbele ya watu. Kilichofuata ni mahakama kumpunguzia kile kidogo alichokuwa nacho: Jumamosi zikabaki, lakini chini ya uangalizi wa mtu mwingine. Wewe huna hata wigi. Una mtoto wa miaka saba ambaye ameshasema kwa sauti kwamba dada anakufungulia mlango, na hapo hakuna aliyemuuliza. Siku moja atalisema mezani kwao. Mama yao akilipeleka mahakamani, maelezo yatakuwa kwamba mwanamume ameingia nyumbani kwake mara tano kwa kificho, akamlipa mfanyakazi, akawafundisha watoto kunyamaza. Hutakuwa na hesabu za kutoa za kujitetea nazo.

Kuhusu miaka saba, nakuomba uwaambie wenzako kazini waache. Uvumi huu umeharibu watoto wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba akitimiza saba anageuka mali ya baba, anafungashwa begi. Kinachotangulia wakati wote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefika umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kifungu hichohicho kinakumbusha pia kwamba si vizuri kumvuruga mtoto kwa kumhamisha hamisha. Ukienda Kimara kumchukua kwa nguvu unavunja amri ya mahakama ileile unayoitumia kudai Jumamosi yako.

Lakini amri ya mahakama si jiwe. Hali ikibadilika unaruhusiwa kurudi kuomba ibadilishwe, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamruhusu mzazi kuomba muda wa kuwa na mtoto wake. Kabla ya kufika huko kuna ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Nenda ile ya upande wanakoishi watoto, omba mkutanishwe wewe na mama yao. Hukai pale kama mshtakiwa. Unaeleza unachoomba: Jumatano kuanzia watoto wanapotoka shule mpaka mama yao arudi, kazi za shule zifanyike, wale, waoge. Omba kazi, usiombe raha. Mwanamke aliyechoka kuwa mtu mzima peke yake anaweza kulisikia ombi hilo tofauti na unavyodhani, maana hata yeye Jumatano anarudi usiku hoi anakuta madaftari yanamsubiri. Na uende ukiwa umetimiza matunzo. Hukuyataja kwenye barua, na mimi sitakisia, ila kama kuna mwezi uliolegea, ulipe kwanza ndipo uombe.

Hayo yote yatafuata. La kwanza ni kumwambia mama yao ukweli, na umwambie wewe kabla mtoto hajateleza. Usimwandikie kwenye WhatsApp, ujumbe unasomwa mara ishirini na kila mara unageuka mkali zaidi. Mwombe mkutane mahali penye utulivu, watoto wasiwepo. Usianze na filamu, usianze na jinsi unavyoteseka. Sema umeingia nyumbani kwake mara tano bila ruhusa yake, taja siku, sema uliwaambia watoto wafiche, na kwamba hilo la kuwaficha ndilo unaloliomba radhi kuliko yote. Kisha nyamaza kama Daniel alivyonyamaza. Atakasirika, ana haki. Huenda Jumamosi moja au mbili zikakupita. Usimtajie amri ya mahakama siku hiyo.

Na kuna mtu mmoja ambaye wewe umempitia tu: dada wa kazi. Pengine naye ni binti wa watu, ametoka mbali, analala kwenye nyumba ile, mshahara wake ndio unaosomesha mdogo wake kijijini. Umemwekea elfu tano mkononi ukamweka mahali ambapo akikataa anaonekana mbaya kwa watoto na akikubali anamsaliti mwajiri wake. Siri ikifumuka, wewe utapoteza Jumamosi, yeye atapoteza kazi na pa kulala siku hiyohiyo. Kwa hiyo unapozungumza na mama yao, jina lake litoke mdomoni mwako kwanza, na useme wewe ndiye uliyemwingiza, yeye alimfungulia baba wa watoto waliokuwa wanalia. Lisemee hilo mpaka likubaliwe.

Ukishamaliza na mama, ndipo uende kwa binti. Usimwite, mfuate, hata kama ni dakika kumi getini. Usimwigizie sauti yoyote. Mwambie: mama anajua, nimemwambia mwenyewe, huna tena cha kuficha, na sikupaswa kukupa kazi ile. Asipokujibu, sawa. Asipokuja Jumamosi inayofuata, sawa pia, wewe fika. Nilipokuwa nazunguka njia ndefu, nilikuwa nachungulia kila siku kwa mbali kama baba yupo chini ya mwembe.

Halafu kuna filamu yenyewe. Mliizima pabaya, pale uso unapovuka, kwa hiyo kichwani mwa binti yako hadithi iliishia kwenye aibu. Hajui yaliyofuata. Miranda anagundua kwamba nyumba ilikuwa inakwenda vizuri zaidi bibi yule alipokuwepo, na bibi yule alikuwa ni nani. Anakwenda kwa Daniel mwenyewe. Wanaelewana watoto wawe naye kila siku baada ya shule, bila msimamizi, na anakuja kuwachukua akiwa na uso wake. Hawarudiani. Mwongozaji Chris Columbus na Robin Williams, ambaye naye alishaachana na mama wa mtoto wake wa kwanza, hawakutaka warudiane, wasije wakawapa watoto wa wazazi walioachana matumaini ya uongo. Nawaheshimu kwa hilo.

Na mwisho kabisa Mrs. Doubtfire yuko kwenye televisheni, ana kipindi chake cha watoto, na anasoma barua. Ni barua, mwanangu, kama hii yako. Imeandikwa na msichana mdogo anayeitwa Katie, wazazi wake wameachana, anauliza kama amepoteza familia. Bibi anamjibu kwamba wapo wazazi wanaoelewana vizuri zaidi wakiwa hawakai pamoja, na kwamba familia ziko za namna nyingi.

Filamu bado unayo kwenye flashi, na kilichobaki hakizidi nusu saa. Safari hii mjulishe mama yao kabla, mweleze inahusu nini na inaishaje. Binti akikubali kuja, mkae mmalizie. Mkifika kwenye ile barua, usitafsiri wewe. Mwachie yeye amtafsirie mdogo wake.